Mwenye Kusema Habari za Hisa na Ajitaje

Barza ni mbili siku hizi. Ya kwanza twaijua sote, ile iliyojengwa mbele ya nyumba, yenye dele la kahawa, meza ya dhumna na wazee wasioishiwa na maneno. Ya pili haina ukuta wala kahawa. Imo ndani ya simu, na waketio humo pengine hawajapata kuonana uso kwa uso. Mmoja yuko Mkunazini, wa pili Chake Chake, wa tatu Kariakoo, na wa nne amehamia Muscat. Linalowakutanisha ni hisa. Kutwa huulizana bei za NMB na CRDB, za saruji na za bia, na ifikapo Ijumaa jioni, soko likisha fungwa, mazungumzo hulegea. Huyu asema kesho anakwenda shamba kuitazama mikarafuu yake, yule aleta picha ya changu aliyemvua Nungwi, wengine wabishana juu ya mpira. Na katikati ya changu na mpira, bila ya kupiga hodi, huingia maneno haya: "Jamani, nimesikia kampuni fulani itanunuliwa. Jumatatu mtaniambia."

Sisi hatuyadharau mazungumzo hayo. Bali twafurahi kumwona mkulima wa karafuu na karani wa bandarini wakijadili faida za mabenki, jambo ambalo zamani lilikuwa la wachache. Mwananchi aliyenunua hisa za NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600, au za CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150, kisha akatulia nazo, hana la kujutia. Lakini maneno yale ya Ijumaa jioni si maneno ya kupitisha wakati tu. Yana fedha ndani yake, na mara nyingi yana mwenyewe. Ni huyo mwenyewe tunayetaka kumzungumzia leo.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini tetesi ya kununuliwa kampuni ina nguvu kuliko tetesi nyingine zote. Anayetaka kuitwaa kampuni nzima hawezi kuwapa wanahisa bei ile ile ya sokoni. Wakiipata bei hiyo kila siku, kwa nini wamuuzie yeye? Hapana budi aongeze. Mfano tunao hapa jirani. Mwezi Julai 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitangaza kwamba yataka kuinunua Bamburi Cement, kiwanda kikongwe cha saruji cha Mombasa, kwa shilingi 65 za Kenya kila hisa, hali bei ya sokoni kabla ya tangazo ilikuwa takriban shilingi 45. Aliyekuwa na hisa elfu moja alilala maskini kidogo akaamka na shilingi elfu ishirini zaidi, bila ya kutoka jasho. Mwezi Agosti akatokea mpinzani, Savannah Clinker, akataja shilingi 70. Hapo ndipo kila barza ilipogeuka kuwa ofisi ya dalali. Lakini mwezi Desemba mpinzani yule alijitoa, na Amsons ikabaki na kampuni kwa bei yake ya shilingi 65. Mtu aliyenunua kwa bei ya juu kuliko hiyo, kwa kutumaini kwamba mvutano utaendelea, alibaki na hesabu ya hasara.

Basi mwenye kujua siku moja kabla ya wenziwe kwamba kampuni itanunuliwa, huyo ameshika ufunguo wa sanduku. Na mwenye kuwafanya wenziwe waamini kwamba itanunuliwa, hata kama si kweli, naye ameshika ufunguo wa bandia, nao hufungua vile vile kwa saa chache.

Kwa nini mwisho wa juma? Soko la Hisa la Dar es Salaam, kama lile la Nairobi na lile la New York, hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Siku mbili zinazobaki bei hailisogelei jambo lolote, si kulithibitisha wala kulikanusha, imelala. Kadhalika ni desturi ya makampuni makubwa ya ng'ambo kumaliza mapatano yao Jumamosi na Jumapili, wakurugenzi wakiwa wamejifungia na mawakili wao, na kuyatangaza Jumatatu alfajiri kabla ya soko kufunguliwa. Kwa hiyo tetesi ya Jumamosi si upuuzi kila mara, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtu ana siku mbili za kuitafuna, kuipeleka kwa shemeji, na kuhesabu fedha ambazo hajazipata, wala hakuna kitu cha kumzindua.

Aliyetaka kuuona uwezo wa Jumapili aliuona mwaka 2024. Usiku wa tarehe 12 Mei, Mmarekani mmoja aitwaye Keith Gill, ambaye alikuwa amekaa kimya takriban miaka mitatu, alitoa mchoro wa mtu aliyeketi kitini akiinama mbele. Hakuandika neno hata moja. Siku ya pili yake hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya kompyuta, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 70. Kabla juma halijaisha, sehemu kubwa ya yale yaliyopatikana ilikuwa imeyeyuka. Gill hakuonyesha alichokuwa nacho mwenyewe mpaka Jumapili ya tarehe 2 Juni, ilipobainika kwamba ana hisa milioni 5 za kampuni ile. Juma tatu nzima watu walikuwa wakiufasiri mchoro wa mtu kitini bila ya kujua aliyeutoa amebeba nini mfukoni.

Twataka tumtendee haki bwana huyo. Mwaka 2020 na mapema mwaka 2021, alipokuwa akiandika juu ya kampuni hiyo hiyo kwa jina la kupanga, alikuwa na mazoea ya kuweka wazi hesabu ya hisa zake, zimepanda au zimeshuka. Msomaji alijua anasemeshwa na mtu mwenye maslahi, na maslahi yenyewe ni kiasi gani. Wapo walioingia wakiwa na akili zao timamu na wakatoka na faida kubwa. Wapo walioingia tarehe 28 Januari 2021 bei ilipofika dola 483, na katikati ya Februari wakajikuta na kitu kisichofika dola 60. Hao wa mwisho walikosea, lakini hawakudanganywa juu ya nani anasema. Tofauti hiyo kwetu sisi ni kubwa.

Maana kiko kisa kingine, nacho ndicho tungependa wakuu wetu wakisome kwa utulivu.

Kampuni ya Yahoo ya Marekani ilikuwa na ubao wa kuandikiana wenye hisa. Tangu mwaka 1999 hadi 2006 alikuwapo humo mtu aliyejiita Rahodeb. Alikuwa mchangamfu, mbishi, mwenye mzaha. Kila mwanabarza anamjua mtu wa namna hiyo. Aliisifu kampuni ya maduka ya vyakula iitwayo Whole Foods Market, na aliwabeza wakubwa wa kampuni pinzani, Wild Oats. Siku moja ulizuka mjadala juu ya nywele za John Mackey, mkuu wa Whole Foods. Rahodeb akasema kwamba yeye anaupenda ukataji ule, na kwamba bwana yule anapendeza. Mwezi Januari 2005 aliuliza mbele ya watu kama Whole Foods ingeinunua Wild Oats, akajijibu mwenyewe kwamba kwa bei ya siku zile, ya takriban dola 8 kwa hisa, yumkini isingeinunua.

Mwezi Februari 2007 Whole Foods ilitangaza kuinunua Wild Oats kwa dola 18 na senti 50 kwa hisa, jumla ya karibu dola milioni 565. Mwezi Julai mwaka huo huo, Serikali ya Marekani ilipokuwa mahakamani kuupinga ununuzi huo kwa kuwa ungepunguza ushindani, ikafichuka kwamba Rahodeb ni John Mackey mwenyewe. Jina lile si chochote ila ni herufi za Deborah, jina la mkewe, zilizopangwa upya. Ndiye aliyezisifu nywele zake.

Watu walicheka, na sisi hatuwalaumu. Lakini mtu aondoe nywele katika kisa hiki aone kinachobaki. Mfikirie mwenye hisa mia mbili za Wild Oats, mwaka 2005, mtu wa kawaida anayejiwekea akiba. Anasoma kwamba kampuni yake haina wa kuinunua. Lau maneno yale yangekuja na jina la John Mackey, angejua kwamba ni maneno ya mnunuzi anayelitia ila ng'ombe sokoni kabla ya kutaja bei, na angeyapima hivyo. Yalikuja na jina la mwanabarza mwenzake, mtu wa mizaha, naye akayapima kama maneno ya mwenzake. Akiuza kwa dola 8 ameuza. Miaka miwili baadaye hakuna wa kumrejeshea dola kumi na nusu zake. Mackey aliomba radhi. Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilichunguza, na mwaka 2008 ikalifunga shauri bila ya kumchukulia hatua. Ununuzi ulikwisha kukamilika tangu Agosti 2007, na bwana mkubwa akaendelea na cheo chake hadi mwaka 2022. (Whole Foods nayo ilinunuliwa na Amazon mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 13.7, na hatujui kama kulikuwa na wa kuzisifu nywele za mtu safari hiyo.)

Sheria ilimwachia, sisi hatumwachii. Kosa lake kwa maoni yetu halikuwa kusema. Hata kujificha nyuma ya jina la kupanga si kosa kwa kila mtu. Fundi seremala akijiita Simba wa Yuda anapozungumza habari ya hisa zake tano, nani atadhurika? Kosa ni kwamba mwenye cheo, mwenye kujua, na mwenye fedha zake katika jambo lenyewe, aliketi mkekani akajifanya hana cheo, hajui, na hana kitu.

Wala si wakubwa tu. Tarehe 7 Aprili 1999 Gary Dale Hoke, kijana aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya vyombo vya simu iitwayo PairGain, alitengeneza ukurasa unaofanana na ule wa shirika la habari la Bloomberg, uliosema kwamba kampuni yake inanunuliwa na ECI Telecom ya Israel kwa dola bilioni 1.35. Kisha habari hiyo ikatupwa katika ubao ule ule wa Yahoo. Hisa zilipanda kwa asilimia 31 kabla uongo haujajulikana, nazo zikaporomoka siku hiyo hiyo. Alikamatwa kwa muda wa siku chache tu, akahukumiwa kifungo cha nyumbani na kulipa fidia. Angalia alivyotoka ndani ya nyumba yenyewe, si nje.

Na wale wanaodhani kwamba ubao wa Serikali ni salama, watazame yaliyotokea tarehe 14 Mei 2015. Katika daftari rasmi la tume ile ile ya Marekani, ambamo makampuni huweka hati zao, ilionekana hati ya kampuni iliyojiita PTG Capital Partners ikisema kwamba yataka kuinunua Avon, kampuni ya vipodozi, kwa dola 18 na senti 75 kwa hisa. Bei hiyo ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya sokoni. Hisa zilipanda hadi asilimia 20. Mnunuzi hakuwako duniani. Hati yenyewe ilikuwa na makosa ya lugha ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeyapigia mstari mwekundu, lakini muhuri wa Serikali ulitosha kuwapofusha watu kwa muda.

Sasa turudi nyumbani, kwani hatukuandika haya kwa ajili ya kuwasimanga Wamarekani.

Mwezi Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg la Ujerumani linalomiliki Twiga Cement, yataka kununua zaidi ya theluthi mbili ya hisa za Tanga Cement. Shauri hilo lilikwenda Tume ya Ushindani, likaidhinishwa kwa masharti. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likaibatilisha idhini hiyo. Shauri likarejea tena mezani, na ununuzi ukaja kufanyika baadaye, kisha kampuni ikaishia mikononi mwa Amsons. Ni zaidi ya miaka miwili hiyo ya mafaili kuhama kutoka ofisi moja hadi nyingine. Hatumtuhumu mtu yeyote katika shauri lile. Twasema hivi tu: kila siku ya miaka hiyo palikuwa na makarani, wanasheria, wahasibu, wapiga chapa na madereva waliojua jambo la kesho kabla ya mwenye hisa mia mbili wa Tanga, wa Wete au wa Makunduchi. Na kila mmoja wao ana simu, na kila mmoja ana Ijumaa jioni.

Ndugu watumishi wa Serikali, hapa twasema nanyi. Hapa visiwani tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 2015, na ipo Tume ya kuisimamia. Kiongozi hutakiwa atamke mali zake mbele ya Tume hiyo. Ni jambo jema, na wapo wanaolitimiza kwa uaminifu. Lakini tamko la mali linakaa kabatini, hali ulimi unatembea. Mtu huyo huyo aliyeorodhesha hisa zake kwenye fomu ya Serikali hukaa katika kundi la simu kwa jina la utani, akaambiwa "Bosi, vipi ile kampuni?" naye akajibu kwa alama ya kukonyeza jicho. Kukonyeza huko si tamko la mali, lakini kunauza na kununua. Watakuja watu waseme kwamba afisa naye ni mwanadamu, ana haki ya kupumzika na wenziwe mwisho wa juma. Ni kweli, na apumzike. Azungumze mpira, azungumze changu, azungumze mikarafuu mpaka kuche. Habari ya kampuni ambayo faili lake limepita mezani pake, au ambayo yeye ana hisa zake, hana haki nayo isipokuwa kwa jina lake kamili na kwa kusema anazo ngapi. Na kama faili bado liko mezani, hana haki nayo hata kwa jina lake.

Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 imekwisha kukataza kufanya biashara kwa siri za ndani na kueneza habari za uongo ili kuchezea bei. Twaijua, na wanasheria watatukumbusha kama tulivyowakumbusha. Lakini ushahidi wake ni mgumu. Yule aliyekonyeza tu, akamwachia mkwewe anunue, hupita katikati ya matundu ya wavu kama dagaa.

Upande wa makampuni nao hauna udhuru. Tetesi huota mahali pasipo tangazo. Mwananchi wa visiwani ana njia moja tu ya kujua kweli, nayo ni tangazo la kampuni yenyewe au la soko. Na matangazo hayo mengi hutolewa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kadhaa, kwa watu ambao hisa zenyewe waliuziwa kwa Kiswahili. Kampuni ilipotaka fedha zao ilijua kuwaimbia kwenye redio. Inapokuwa na habari ya kununuliwa, lugha imepotelea wapi? Twaitaka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa kushirikiana na Soko la Hisa, iamuru kwamba kila habari ya kununua au kununuliwa itolewe kwa Kiswahili siku ile ile na saa ile ile inapotolewa kwa Kiingereza, na kwamba tetesi ikienea mwisho wa juma, kampuni inayotajwa iikubali au iikanushe kabla soko halijafunguliwa Jumatatu. Mistari mitano yatosha.

Kwa wananchi wenzetu hatuna somo refu. Wengi wao ni watu wazima waliostaafu, wenye kiinua mgongo wanachokitafutia mahali pa kukaa, na wanajua kupima maneno kuliko sisi. Barzani mtu akisema kwamba shamba fulani litapanda bei, wazee humwuliza mara moja, "Nawe unalo shamba huko?" Swali hilo ndilo wanalolisahau wakishika simu, kwa sababu ya ule ukarimu wa Ijumaa jioni, wa picha za samaki na salamu kwa watoto. Aulizwe yule asemaye kampuni itanunuliwa: ndugu yetu, unazo hisa ngapi, ulizinunua lini, na kazi yako ni ipi? Akikasirika, mnunue samaki wake mkaziache hisa zake.

Kwa Serikali, jambo hili halihitaji sheria mpya wala semina katika hoteli za pwani. Wizara inayohusika na fedha na Tume ya Maadili waweza kuanza na waraka mmoja kwa watumishi wote wanaoshughulika na mafaili ya makampuni, wenye amri mbili: kujitaja, na kutaja hisa. Haupaswi kuzidi ukurasa mmoja, na ungeweza kutoka kabla ya Ijumaa.